Malezi ya Baba Katikati ya Zamu na Safari: Namna ya Kumjenga Mtoto Moyo na Akili

Mwongozo huu ni wa baba mwenye kazi zake: anayeshika zamu ya usiku bandarini Kilindini, Mombasa, dereva wa lori anayetoka Miritini kuelekea Malaba mpakani mwa Uganda, mwuzaji wa soko la Kongowea anayeamka kabla ya alfajiri kupokea mboga kutoka bara, baharia, mwenye tuktuk, karani wa ofisi ya forodha. Kwamba mtoto anamhitaji baba ni jambo analolijua tayari. Asichoelezwa mara nyingi ni mambo gani hasa, ndani ya muda mfupi alio nao, yanayomjenga mtoto kihisia na kiakili. Jibu langu, na ndilo nitakalolifuata hadi mwisho, ni kwamba mtoto hutulia na kujiamini kwa sababu ya mtu anayemwitikia, kisha akarudi kumwitikia tena kesho na kesho kutwa kwa namna aliyoizoea. Nguo mpya za Idd na ada iliyolipwa kwa wakati ni wajibu wa baba na zina thamani yake, lakini haziwezi kufanya kazi hiyo.

Anza siku za mwanzo

Pwani tuna mazoea ya kumwona mtoto mchanga kuwa ni wa wanawake. Katika siku arubaini za uzazi nyumba hujaa: yupo mama mkwe, yupo shangazi, yupo bibi mwenye ujuzi wa kumkanda mzazi, naye baba, akishamwadhinia mtoto sikioni au, kwa Wakristo, akishaomba pamoja na wazee waliokuja kumpongeza, hutakiwa atoke akatafute posho. Msaada wa akina mama hawa ni neema kubwa, na sitaki mtu aupunguze. Shida ni kwamba baba hujikuta akingoja miaka sita au saba ipite, mtoto apate akili kama tunavyosema, ndipo aanze kazi yake. Na kufikia hapo mtoto ameshajifunza kuishi bila kumtarajia.

Utafiti wa saikolojia hauungi mkono kungoja huko. Mwaka 1964 Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wachanga 60 wa Glasgow, Scotland, wakaonyesha kwamba watoto walishikamana zaidi na wale waliowaitikia upesi na kucheza nao, hata kama hao hawakuwa waliokaa nao kwa saa nyingi zaidi; na walipofika umri wa miezi 18, wengi wao walikuwa wameshikamana na baba zao pia. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1950, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa ameketi na akina mama wa Uganda, hapa jirani, akiwaangalia watoto wao, na aliona kwamba mtoto mchanga anaweza kushikamana na watu wengine pamoja na mama yake. Kwa baba mwenye zamu ya saa 12 habari hii ni faraja kubwa, kwa kuwa maana yake ni kwamba nusu saa ya kumwitikia mtoto kwa dhati si muda wa kudharauliwa.

Mwili wa baba nao umeumbwa kuipokea kazi hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu vijana wa kiume 624 wa Cebu, Ufilipino, ulionyesha kwamba testosteroni, yaani homoni ya kiume, ilishuka kwa waliopata watoto, na ilikuwa chini zaidi kwa waliomhudumia mtoto kwa saa tatu au zaidi kila siku. Mwanamume anayembeba mtoto wake, basi, hafanyi jambo geni kwa maumbile yake.

Namna ya kuanza ni kuchagua kazi moja ya kila siku na kuifanya yako. Mimi ningependekeza kumwogesha mtoto jioni, maana joto la Mombasa linamfanya aifurahie saa hiyo. Mwombe mkubwa wa nyumba kwa adabu: "Mama, naomba leo nimwogeshe mimi, nawe unielekeze." Ni nadra mama mkwe kumkatalia mkwewe aliyekuja kwa maneno hayo. Pima maji kwa kiwiko, mlaze mtoto shingo yake ikiegemea mkono wako, na uzungumze naye muda wote, hata ikiwa unamtajia tu unachokifanya. Tazama uso wake. Akikukazia macho na kutoa sauti, mjibu, kisha unyamaze umpe nafasi ya kutoa nyingine. Akigeuza uso, usimfuate wala usimtikise ili akutazame; amechoka kidogo, na akishapumzika atarudi mwenyewe. Katika kupokezana huko mtoto anaanza kuelewa kwamba sauti yake ina athari kwa watu, na hapo ndipo kujiamini kunapoanzia.

Aliyeajiriwa asisahau kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa baba likizo ya wiki mbili yenye malipo kamili. Iombe kwa maandishi mapema, na uitumie nyumbani. Asiye na mwajiri, kama vile mwendeshaji wa bodaboda, hana likizo hiyo, lakini anaweza kujiwekea saa maalumu ya kurudi na kuiheshimu kama anavyoiheshimu miadi ya mteja.

Mchezo wenye hofu kidogo

Mtoto akishatembea, baba huwa na nafasi ambayo wengi huitumia bila kujua thamani yake, nayo ni kumpeleka mtoto ukingoni mwa uwezo wake huku akiwa salama: kumrusha juu na kumdaka, kushindana naye mbio, kumfundisha kuogelea. Karin Grossmann na wenzake nchini Ujerumani waliwafuatilia watoto hadi wakafika umri wa miaka 16, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002 walionyesha kwamba namna baba alivyocheza na mtoto wa miaka miwili, yaani jinsi alivyompa changamoto kwa upole na kuzingatia hali yake, ilihusiana na usalama wa moyo wa mtoto huyo alipokuwa kijana. Uzito ulikuwa kwenye upole na uzingativu; nguvu za baba peke yake hazikutosha.

Chukua mfano wa bahari, kwa kuwa tunayo mlangoni. Wakati wa kaskazi, maji yanapotulia, mpeleke mtoto ufuo wa umma wa Bamburi, pale tunapopaita Pirates, asubuhi kabla ya watu kujaa. Simama naye maji yanapofika magotini mwake, umshike mikono yote miwili, na usiongeze hata hatua moja mpaka aitake mwenyewe. Atakapokuja mkunjo wa wimbi atakukumbatia mguu. Usicheke, wala usiseme kwamba wenzake hawaogopi. Mwambie, "Wimbi limekushtua. Nimekushika." Ngojeni la pili pamoja. Baada ya mawimbi machache utaona mshiko wake umelegea na macho yake yanaangalia mbele, badala ya kukutazama wewe. Hiyo ndiyo alama ya kwamba yuko tayari kwa hatua nyingine. Akisema "basi", iwe basi kweli, na mtoke majini, hata kama mmelipa nauli ya matatu mbili kufika hapo. Mtoto ambaye "basi" yake inaheshimiwa na mtu mkubwa mwenye nguvu kuliko yeye anajifunza kwamba mwili wake ni wake, na anajifunza pia kwamba hofu ni kitu kinachopanda na kushuka, ambacho mtu anaweza kukaa nacho bila kuangamia.

Yule baba anayemtupa mtoto majini ili "azoee" anapata matokeo kinyume. Mtoto anaweza kuogelea siku moja, lakini atakuwa amejifunza kwamba mkono wa baba haumaanishi usalama, na hilo ataondoka nalo majini na kulipeleka kwingine kote.

Hasira, kilio na kiboko

Mtoto wa miaka mitano amekaa tangu asubuhi akitengeneza tiara kwa karatasi, njiti za ukuti na uzi wa kushonea, na mara ya kwanza ilipopata upepo imenasa kwenye nyaya za umeme. Analia kwa sauti, barazani, mbele ya majirani. Baba wengi hapa husema, "Nyamaza, mwanamume halii." Mtoto hunyamaza kweli, ila huzuni imebaki palepale, na sasa imeongezewa aibu. Baba angechutama hadi uso wake ulingane na wa mtoto, akasema, "Umeumia moyo. Umeihangaikia tangu asubuhi, na imekwenda," kisha akanyamaza, kilio kingepungua taratibu chenyewe. Hapo ndipo aulize, "Twende tukatafute njiti nyingine, au upumzike kwanza?" Huku kukitaja anachokihisi mtoto kunampa maneno ya kusema wakati mwingine badala ya kupiga mateke. Na aelezwe wazi kwamba nyaya zile hazikaribiwi na uzi ule hauvutwi kamwe. Upole hauondoi mpaka.

Kuhusu kiboko nitasema bila kuzunguka. Baba anayepiga hupata utiifu wa muda ule, na analipia kwa jambo zito zaidi: mtoto huanza kumficha. Atakapofikwa na balaa la kweli akiwa na miaka 12, kwa mfano mtu mzima akimgusa vibaya au rafiki akimpa unga wa kulevya, baba atakuwa mtu wa mwisho kuambiwa. Aidha Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, ukatili wa aina zote na adhabu isiyo ya kibinadamu, na nyumba zetu hazikuachwa nje ya kifungu hicho.

Badala yake, nidhamu iwe na mpangilio ambao mtoto anaufahamu. Kanuni za nyumba ziwe chache. Akivunja mojawapo, ngoja hasira yako ishuke. Nenda ukanawe uso ikiwa lazima. Mwulize kilichotokea na umsikilize hadi mwisho kabla ya kusema neno. Kisha tokeo liendane na kosa: aliyemwaga unga aufagie, aliyevunja kikombe cha jirani aende nawe kuomba radhi na achangie kukilipa kwa vijisenti vyake. Na ikitokea umemfokea kupita kiasi, rudi kwake siku ileile umwambie, "Nilikufokea, na haikuwa haki yako. Nisamehe, mwanangu." Wapo wanaohofu kwamba maneno hayo yanamvunjia baba heshima. Naona yanaijenga, kwa kuwa mtoto anashuhudia kwamba uhusiano unaweza kuchanika na ukashonwa.

Baba wa safari

Hapa ndipo penye uzito kwa familia nyingi za Mombasa. Mji huu unaishi kwa kusafiri: meli, malori, kazi za Ghuba. Mtoto mdogo hana kipimo cha majuma. Kwake baba ama yupo ama hayupo, na asipoelezwa kitu hujitungia sababu, ambayo mara nyingi ni kwamba yeye amekosa.

Usiondoke kwa kutoroka mtoto akiwa amelala, hata kama kilio chake kinakuchoma. Kilio cha kuagana kina mwisho. Hofu ya kulala na kuamka mtu ametoweka hudumu, na utaiona baadaye katika usingizi wa kuamkaamka na kumganda mama. Mwamshe, umwambie kwa maneno machache na ya kweli: "Baba anakwenda Kampala na lori. Nitalala njiani. Nitarudi Jumamosi, inshallah." Mtundikieni kalenda ukutani apige mstari siku moja kila jioni. Foleni ya malori Malaba ikikuchelewesha, piga simu kabla ya Jumamosi kupita na useme umechelewa na kwa nini. Ahadi iliyobadilishwa kwa taarifa haiumizi kama ile iliyopita kimya.

Simu iwe na saa yake. Dakika kumi kila siku baada ya chakula cha jioni zina faida kuliko saa nzima inayokuja bila mpangilio. Maswali ya "umeshindaje" na "umesoma" hupata jibu la neno moja, kisha mtoto hukimbia. Mwombe akuonyeshe kitu: jino linalocheza, daftari, paka wa jirani. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuzungumza na skrini kwa muda mrefu. Mwache acheze, nawe uwe unamtazama na kutaja unachokiona.

Njia ninayoipenda zaidi ni hadithi ya vipande. Kila usiku rekodi kipande kifupi kwa ujumbe wa sauti, ukianza kama alivyoanza bibi yako: "Hadithi, hadithi!" Mtoto ajibu kwa sauti yake, "Hadithi njoo!" Sungura aachwe mlangoni mwa fisi hadi kesho. Baharia anayejua kwamba atapita siku nyingi bila mtandao arekodi vipande kabla ya kupanda melini na amwachie mkewe avitoe kimoja kimoja. Mtoto anayeingoja sauti ya baba kila usiku, na kila usiku akaipata, anajua kwamba umbali haumaanishi kusahauliwa.

Kurudi nako kuna adabu yake. Baada ya miezi mingi mtoto anaweza kujificha nyuma ya mama, na baba aliyembebea begi la zawadi akaumia. Asimlazimishe kumkumbatia. Akae chini kwenye mkeka, afungue mizigo yake polepole, aongee na mama. Mtoto atasogea kwa hatua zake. Na mama naye ana sehemu yake: asiweke akiba ya makosa kwa kauli ya "ngoja baba yako arudi". Kosa la Jumatatu limalizwe Jumatatu, la sivyo hatua za baba mlangoni zitakuwa tangazo la adhabu.

Wapo pia ambao kazi yao iko humuhumu mjini, Changamwe au Tudor, na bado hawaonekani, kwa kuwa wakitoka kazini hufikia baraza au vibanda vya muguka, na wakirudi watoto wamelala. Baraza na kahawa yake ni afya kwa mwanamume, na sisemi iachwe. Lakini muda wa kati ya Magharibi na Isha, watoto wakiwa wamekwishatoka madrasa na shule, uwe wa nyumbani, simu ikiwa imewekwa mbali. Wenzako barazani watakuwepo bado ukifika baada ya Isha.

Wazazi walioachana

Kifungu hicho cha 53 kinasema kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Talaka, basi, inamaliza ndoa na kuuacha ubaba ulivyo. Ikiwa siku yako ni Jumamosi, iwe Jumamosi kila wiki, kwa saa ileile, hata kama huna pesa za kumpeleka popote. Kutembea ufukweni Mama Ngina na mabuyu ya kugawana kunatosha. Usimtume mtoto kupeleka maneno makali au madai ya fedha kwa mama yake, wala usimhoji kuhusu wageni wa nyumba ile. Pale baba alipofariki au alipotoweka kabisa, ami, mjomba au babu mmoja ajitolee kwa utaratibu uleule. Mmoja wa kudumu ni bora kuliko watano wa kupokezana.

Wanapobalehe

Binti akivunja ungo baba wengi hurudi nyuma kwa staha, wakamwachia mama kila kitu. Mambo mengine ni ya mama au shangazi kweli, lakini ukimya wa ghafla wa baba binti huutafsiri kuwa amekataliwa. Endelea kumwuliza maoni yake, kumsifu kwa juhudi na akili yake, na kumpeleka shuleni mkizungumza. Kwa mvulana, maswali ya ana kwa ana huonekana kama kuhojiwa na polisi. Kijana husema zaidi mkiwa mnafanya jambo pamoja, kama kurekebisha baiskeli au kuvuka Likoni kwa feri, macho yenu yakiwa mbele. Akikuambia jambo la kukushtua, sema kwanza "umefanya vyema kuniambia", kisha ndipo ufikirie la kufanya.

Dalili za kutafuta msaada

Mtoto aliyeacha kucheza, anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, anayejiumiza, anayesema heri asingekuwepo, au aliyebadilika tabia ghafla kwa majuma kadhaa, asiachwe kwa matumaini kwamba atakua ayaache. Nambari 116 ni ya simu ya watoto nchini Kenya, haina malipo, na mzazi pia anaweza kuipiga. Hospitali ya Port Reitz, hapa Mombasa, ina huduma za afya ya akili. Baba mwenyewe naye ajichunguze: anayeamka kila siku bila hamu ya chochote, anayewaka kwa jambo dogo au anayetafuta usingizi kwenye pombe anahitaji tabibu, na watoto wake wanahitaji apate tabibu huyo. Kabla ya kumpeleka mtoto, andika lini hali ilianza, hutokea saa ngapi, na ni nini kilichobadilika nyumbani au shuleni wakati ule. Mweleze mtoto njiani kwamba mnakwenda kwa mtu anayesaidia watoto wenye huzuni au hofu, na kwamba hakuna sindano wala adhabu inayohusika na mazungumzo hayo. Na mkifika, omba dakika chache za kuzungumza na daktari faraghani kwa yale yasiyofaa kusemwa mbele yake.